Lulu za Bahari: Baba, Mwana na Elimu ya Mizani ya Kisanskriti

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepita katika darasa la ushairi wa Kiswahili anaijua kesi ya wanamapokeo na wanausasa. Anajua kwamba Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, kwamba Kezilahabi alitoka na Kichomi mwaka 1974, na kwamba kwa miaka mingi watu walirushiana vijembe kuhusu vina na mizani kana kwamba wanagombea shamba la urithi. Insha za kueleza nani alishinda zimeshaandikwa nyingi, na mimi sikusudii kuongeza nyingine hapa.

Katika makala haya nataka twende mbali kidogo, hadi India, tukawaangalie watu ambao kwao sheria za mizani zilikuwa kazi ya nyumbani, elimu ya ukoo ambayo baba alimrithisha mwana. Nimewachagua wawili: Lakshminatha Bhatta na mwanawe Chandrashekhara Bhatta, walioandika mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, zama za dola ya Mughal. Mwana alianza kuandika kitabu kikubwa cha mizani, akafariki kabla hakijaisha. Baba akakaa chini akakimaliza, karibu na mwaka 1620.

Kitabu chenyewe kinaitwa Vrittamauktika. Vritta ni mtindo maalumu wa mizani, yaani kile ambacho wanaarudhi hukiita bahari. Mauktika ni lulu. Kwa hiyo kwa Kiswahili jina linajileta lenyewe: Lulu za Bahari. Swali langu ni moja tu: sheria ya mizani ni kitu gani hata baba aliyefiwa aione kuwa kazi inayostahili kumaliziwa? Ili tulijibu, lazima kwanza tujue sheria zenyewe zinasemaje.

2.0 Silabi nzito na silabi nyepesi

Sisi tunahesabu silabi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kila silabi ina thamani sawa na mwenzake. Hatuulizi kama silabi ni ndefu au fupi. Tunauliza tu ziko ngapi.

Kisanskriti hakiridhiki na hesabu hiyo. Lugha hiyo inatofautisha irabu fupi na ndefu, na tofauti hiyo hubadili maana ya neno. Kwa hiyo silabi zake zina uzito. Silabi nyepesi huitwa laghu: ina irabu fupi, na baada ya irabu hiyo haufuati mrundikano wa konsonanti. Silabi nzito huitwa guru: ama irabu yake ni ndefu, ama irabu ni fupi lakini nyuma yake zinafuata konsonanti mbili au zaidi. Nyepesi huhesabiwa kipimo kimoja cha muda, kinachoitwa matra. Nzito huhesabiwa matra mbili.

Aliyewahi kusimama karibu na mpiga ngoma atalielewa jambo hili bila taabu. Hebu tuseme nyepesi ni "ta" na nzito ni "taa". Bahari mashuhuri iitwayo mandakranta, ambayo Kalidasa aliitumia katika Meghaduta yote mwanzo hadi mwisho, ina silabi 17 katika kila robo ya ubeti, nazo huenda hivi:

taa taa taa taa / ta ta ta ta ta taa / taa ta taa taa ta taa taa

Pale palipo na mkwaju msomaji hupumzika: baada ya silabi 4, kisha 6, kisha 7. Isome kwa sauti mara tatu. Inaanza kwa kujikokota, inakimbia ghafla, halafu inayumba kama mtu aliyechoka. Jina lenyewe lina maana ya mwendo wa polepole. Utaona kwamba hapa hakuna kina hata kimoja, na bado huwezi kusema kwamba hakuna muziki. Kwa wale miongoni mwetu wanaodhani kwamba "sheria" katika ushairi maana yake ni vina, huo ni ushahidi wa kutosha wa kutufanya tufikiri upya.

Lakini zipo pia bahari zinazotukaribia. Shloka, ambayo ndiyo bahari kuu ya tendi za Mahabharata na Ramayana, ina robo nne za silabi nane nane. Sisi tunaosoma tendi tutashtuka kidogo: ubeti wa utenzi wetu nao una vipande vinne, na kwa kawaida kila kipande kina mizani nane. Tofauti ni kwamba utenzi unafunga vipande vyake kwa vina, wakati shloka inavifunga kwa uzito. Katika umbo lake la kawaida silabi ya tano ya kila robo huwa nyepesi, ya sita nzito, na ya saba huwa nzito katika robo ya kwanza na ya tatu, nyepesi katika ya pili na ya nne. Silabi nyingine zina uhuru mkubwa zaidi. Kwa maneno mengine, mtunzi amefungwa kamba mahali pachache tu, na mahali penyewe ni karibu na mwisho, pale sikio linapongojea.

3.0 Neno moja linalobeba vipimo vinane

Sasa mtu atauliza: mwanafunzi wa Kihindi alikumbukaje mpangilio wa silabi 17, na bahari zenyewe ni mamia? Jibu ni kwamba hakukariri silabi moja moja. Wataalamu walizigawa katika mafungu ya silabi tatu tatu yaitwayo gana. Kwa kuwa kila silabi ni nyepesi au nzito, mafungu yanayowezekana ni manane tu, na kila fungu likapewa herufi yake: ya, ma, ta, ra, ja, bha, na, sa. Mandakranta basi ni "ma, bha, na, ta, ta" na nzito mbili za mwisho. Imekwisha. Mtu anaiweka kichwani kama namba ya nyumba.

Na ili mwanafunzi asisahau fungu gani ni lipi, walimu hutumia neno moja lisilo na maana yoyote: yamaataaraajabhaanasalagaam. Chukua silabi tatu za mwanzo: ya-maa-taa, nyepesi-nzito-nzito, hilo ndilo fungu la "ya". Sogea hatua moja: maa-taa-raa, nzito tatu, ndilo fungu la "ma". Sogea tena: taa-raa-ja, ndilo "ta". Endelea hivyo mpaka "sa", na mafungu yote manane yanatoka katika neno la silabi kumi, kila moja likianza na jina lake. Si mchezo.

Wataalamu wengine walikwenda mbali zaidi. Kedara Bhatta, katika kitabu chake Vrittaratnakara, alieleza kila bahari kwa mstari uliotungwa katika bahari hiyo hiyo, hivyo sheria ikawa pia mfano wake. Ni kama mtu angetueleza kanuni za utenzi kwa utenzi. Anayekariri kanuni amekwisha kukariri na sauti.

4.0 Kuhesabu yanayowezekana

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mtaalamu wa kale kabisa ambaye kitabu chake cha mizani ya Kisanskriti kimetufikia ni Pingala, anayekadiriwa kuishi karne chache kabla ya Kristo. Pingala hakuorodhesha tu bahari ambazo washairi walikuwa wanazitumia. Aliuliza: bahari zinazowezekana ni ngapi? Silabi tatu zinatoa mipangilio 8. Silabi nane zinatoa 256. Silabi 17 za mandakranta ni mpangilio mmoja tu kati ya 131,072. Jedwali la kuipanga mipangilio yote kwa utaratibu huitwa prastara. Kwa silabi tatu linaanza na nzito-nzito-nzito katika safu ya kwanza na kuishia na nyepesi tatu katika safu ya nane.

Wafuasi wake waliendelea. Halayudha, katika karne ya 10, alieleza jinsi ya kujua ni mipangilio mingapi yenye idadi fulani ya silabi nzito, kwa kujenga pembetatu ya namba aliyoiita Meru, kwa jina la mlima wa masimulizi ya Kihindi (si huu wetu wa Arusha). Kwa silabi nne safu yake ni 1, 4, 6, 4, 1. Ulaya pembetatu hiyo inaitwa kwa jina la Pascal, aliyeishi karne ya 17. Virahanka naye, kabla ya karne ya 9, alihesabu bahari zinazopimwa kwa matra badala ya silabi. Bahari ya matra nne inaweza kupangwa kwa njia 5, ya matra tano kwa njia 8, ya matra sita kwa njia 13. Kila jibu ni jumla ya majibu mawili yaliyotangulia, kwa sababu mstari lazima uishe ama na nyepesi inayokula matra moja, ama na nzito inayokula mbili. Namba hizo zinajulikana duniani kwa jina la Fibonacci, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1202.

Kuna kanuni moja ya Pingala ambayo naomba tuishike vizuri. Inaitwa nashta, yaani "iliyopotea". Tuseme jedwali limefutika, na wewe unajua tu kwamba unatafuta safu ya sita ya silabi tatu. Chukua 6. Ni shufwa: andika nyepesi, gawa kwa mbili, unapata 3. Ni witiri: andika nzito, ongeza moja, gawa kwa mbili, unapata 2. Ni shufwa: andika nyepesi. Umepata nyepesi-nzito-nyepesi, na ndiyo safu ya sita hasa. Kilichopotea kimerudishwa bila kuandika jedwali zima.

Sasa, wenzangu, tazameni maana yake kwa mjadala wetu. Kwetu neno "sheria" linapotajwa katika ushairi, tunasikia katazo: usifanye hivi, hili si shairi. Katika elimu hii ya Kihindi sheria inaanza kwa kufungua milango yote 131,072, halafu inasema: milango ambayo washairi wameipita, na ambayo tumeipa majina, ni hii. Iliyobaki haijaharamishwa, haijapitwa tu. Mtaalamu si askari wa getini, ni mtunza ramani.

5.0 Ukoo kama chuo

Ramani kama hiyo haikai yenyewe. Inahitaji watu wa kuinakili na kuieleza, na nchini India mara nyingi watu hao walikuwa wa nyumba moja. Hata Pingala mwenyewe mapokeo yanamfanya mdogo wake Panini, bingwa wa sarufi. Iwe kweli au ngano, inaonyesha kwamba elimu ilifikiriwa kama jambo la undugu. Huko Banaras, Narayana Bhatta, aliyezaliwa mwaka 1513 na kufundishwa na baba yake Rameshvara, aliandika ufafanuzi wa Vrittaratnakara mwaka 1545. Mwanawe Shankara akaandika historia ya ukoo huo, na kitukuu chake Gaga Bhatta ndiye aliyeongoza ibada ya kumtawaza Shivaji mwaka 1674. (Tahadhari: Bhatta ni jina la heshima la wasomi wa Kibrahmini, hivyo wenye jina hilo si lazima wawe ndugu.)

Lakshminatha alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1600 alikamilisha Pingalapradipa, ufafanuzi wa kitabu kiitwacho Prakrita-Paingala. Mwanawe Chandrashekhara akalelewa ndani ya elimu hiyo hiyo, na Vrittamauktika aliyoianza ilikuwa na shabaha pana: sehemu ya kwanza inashughulikia bahari za kuhesabu matra, ya pili zile za kuhesabu silabi. Kabla ya mwisho, kifo kikamkata.

Mwishoni mwa kitabu baba anatoa habari hiyo. Anaeleza kwamba mwanawe, kijana mwenye adabu, amefariki, kwamba kitabu kilikatika pamoja na sauti yake, na kwamba yeye amekikamilisha ili mwana aendelee kuishi. Hasemi mengi zaidi. Wala hakuishia hapo: aliandika pia ufafanuzi wa sehemu ngumu ya kitabu cha mwanawe, ile inayohusu hesabu za prastara na jamaa zake. Kwa kawaida mwana ndiye hufafanua maandishi ya baba. Hapa baba amekuwa mwanafunzi wa mwanawe.

Nimeisoma habari hii kama mhakiki na najiuliza: ingewezekana kama kitabu kingekuwa diwani? Sidhani. Baba hawezi kujua mwanawe angeandika shairi gani kesho yake. Lakini elimu ya mizani ni mali ya wote wawili. Baba alijua bahari zipi zimeshaelezwa na zipi bado, na mpango wa kitabu ulimwonyesha pengo liko wapi, kama kanuni ya nashta inavyoonyesha safu iliyofutika. Sheria ndiyo iliyomwezesha kushika kalamu pale mwana alipoiachia. Ila sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomwonyesha mpaka: aliweza kurudisha safu, hakuweza kumrudisha mtu. Ndiyo maana, nadhani, hakuficha. Angeweza kukiacha kitabu kiende kwa jina la mwana bila kusema lolote. Alitaka msomaji ajue kwamba hapa mikono ni miwili.

6.0 Swali la kitabaka

Najua kuna mwenzangu ambaye hapa ameshanyoosha mkono. Ukoo kama chuo, sawa, lakini chuo cha nani? Wanaume Wabrahmini. Elimu ya mizani ilihesabiwa kuwa moja ya viungo sita vya kuisaidia Veda, na Veda haikuwa wazi kwa wanawake wala kwa watu wa tabaka la chini. Ramani yenye milango 131,072 haina faida kwa mtu aliyezuiwa kuingia uani. Hoja hii ni nzito na siwezi kuipunguza.

Ninachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba kuta zenyewe zilikuwa na nyufa. Prakrita-Paingala, kitabu ambacho Lakshminatha alikitolea jasho, hakikuandikwa kwa Kisanskriti bali kwa lugha iliyokuwa karibu zaidi na lugha za watu, na kinafundisha bahari kama doha: mstari wa matra 24, 13 na 11, wenye vina mwishoni. Hizo ni bahari za kuimbwa. Ndizo walizozitumia washairi kama Kabir, mtu wa ukoo wa wafumaji. Wasomi walilazimika kuufuata wimbo ulikokwenda na kuutafutia hesabu yake. Hapo sheria ndiyo iliyokwenda kwa mtunzi, si mtunzi kwa sheria.

7.0 Haya yanatuhusu nini?

Uhusiano wetu na elimu hii si wa kubuni. Neno "bahari" tunalolitumia lilitujia na arudhi ya Waarabu, ambayo mwanzilishi wake ni al-Khalil bin Ahmad wa Basra, mtu mwenye asili ya Oman, katika karne ya 8. Al-Biruni, aliyekamilisha kitabu chake kuhusu India karibu na mwaka 1030, alieleza mizani ya Wahindi kwa kuilinganisha na ya al-Khalil, na akataja kwamba wapo waliodhani kuwa al-Khalil alikuwa amesikia habari za Wahindi kupima mashairi yao. Al-Biruni hakulithibitisha, nami silithibitishi. Lakini tangu zamani mtu mmoja makini aliona kwamba mizani za ng'ambo hii na ng'ambo ile ya maji zinaweza kuzungumza.

Na kile alichokifanya Lakshminatha si kigeni kabisa kwetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Takhmisi ya Liyongo, alichukua utungo wa kale unaonasibishwa na Fumo Liyongo akaongeza mishororo mitatu mipya kwa kila miwili ya zamani, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Hakuweza kufanya hivyo bila mizani na vina walivyoshirikiana, yeye na mtu aliyekwisha kufa zamani. Wale tunaoupenda ushairi huru tukiri jambo hili: shairi huru linaweza kujibiwa, linaweza kuigwa, lakini ni vigumu mno mtu mwingine kuingia ndani yake akaendeleza. Hiyo si dosari. Ni gharama yake, na mtunzi anayelichagua heri aijue.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba elimu ya mizani ya Kisanskriti inahesabu yanayowezekana kabla ya kutaja yaliyozoeleka, na kwa hiyo neno "sheria" ndani yake halina sura ya katazo tuliyoizoea. Pili, kwamba sheria ya namna hiyo ni makubaliano yanayomwezesha mtu mmoja kuendeleza kazi ya mwingine, hata kifo kinapokuwa kimepita katikati.

Vrittamauktika ilichapwa Jodhpur mwaka 1965, ikihaririwa na Vinayasagara, na jina la mwana lipo pale. Ombi langu kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo: tunapofundisha na kufundishwa mizani, tuache kuuliza tu kama mshororo "umetimia". Tuchukue kipande kimoja cha mizani nane, tukiorodheshee njia zote ambazo mkazo, pumziko na vina vinaweza kukaa ndani yake, tuone washairi wetu wamepita ngapi na zipi bado hazijakanyagwa. Kazi hiyo haijafanywa darasani kwetu, na haihitaji kibali cha mwanamapokeo wala cha mwanausasa.